Crown Victoria, Grand Marquis na Town Car: Ushauri kwa Anayetaka Kununua na Aliyekwisha Kununua

Swali linanifikia kwa sura tofauti kutoka kwa wenzetu wa Afrika Mashariki walioko Marekani, lakini ni lilelile. Kijana wa Columbus anauliza kama achukue Grand Marquis ya mzee jirani aliyeacha kuendesha. Baba wa watoto wanne huko Minneapolis ameona Crown Victoria iliyostaafu upolisi, bei yake inatamanisha, na anataka kujua kuna nini nyuma ya bei hiyo. Dada wa Louisville tayari anayo Town Car. Kila asubuhi anaikuta imelala nyuma, na fundi amemtajia gharama ya kumtoa machozi.

Jibu langu ni kwamba magari haya yanafaa, tena yanafaa sana kwa familia kubwa yenye kipato cha kawaida. Sharti ni moja: lichague gari kwa hali ya chini yake, yaani chesisi, mabomba na mipira, usilichague kwa mng'aro wa rangi wala kwa uchache wa maili. Injini yenyewe ni ngumu na mara nyingi huwa kitu cha mwisho kufa. Kinachoyaua magari haya ni kutu, maji yanayovuja na matengenezo madogo yaliyoahirishwa mwaka hadi mwaka.

Ni magari gani hasa

Ni matatu ya ukoo mmoja: Ford Crown Victoria, Mercury Grand Marquis na Lincoln Town Car. Yote yamejengwa juu ya chesisi ambayo Ford iliipa jina la Panther, iliyoanza na magari ya mwaka 1979. La mwisho kabisa, Crown Victoria, lilitoka kwenye kiwanda cha St. Thomas, Ontario, nchini Kanada, Septemba 2011, likiwa limeagizwa Saudi Arabia. Hapa nazungumzia ya 1992 hadi 2011, yenye injini ya V8 ya lita 4.6, kwa kuwa ndiyo utakayoyakuta sokoni.

Bodi imekaa juu ya chesisi inayojitegemea, kama ya pikapu. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari. Taimingi inaendeshwa na cheni, kwa hiyo ile gharama ya kubadilisha mkanda wa taimingi, inayowashtua wenye magari mengi madogo, hapa haipo.

Miaka haifanani, na tofauti zake ni za kuzingatia:

- 1992 hadi 1997: ni rahisi kutengeneza, lakini mipira, nyaya na plastiki zake zimechoka. Nunua tu kama limetunzwa kweli.
- 1998 hadi 2002: sehemu ya nyuma iliboreshwa, gari likawa tulivu zaidi kwenye kona, na kila plagi ikapewa koili yake. Jihadhari na manifodi ya plastiki, ambayo nitaieleza mbele.
- 2003 hadi 2011: chesisi mpya, usukani mpya ulio sahihi zaidi, na shokapu bora.

Kama fedha inaruhusu, tafuta la 2003 kwenda juu. Lakini la 2000 lisilo na kutu ni bora kuliko la 2008 lililoliwa na chumvi ya barabarani, na hapo sina shaka hata kidogo.

"Lakini litakunywa mafuta"

Litakunywa, ndiyo. Vipimo vya serikali ya Marekani kwa magari ya miaka ya mwisho vinasema takriban maili 16 kwa galoni mjini na 24 kwenye barabara kuu, sawa na kilomita 7 na 10 hivi kwa lita. Kabla ya kuogopa, piga hesabu yako mwenyewe.

Tuseme unaendesha maili 12,000 kwa mwaka na unapata wastani wa maili 18 kwa galoni. Utatumia galoni 667 hivi. Gari dogo linalokwenda maili 30 kwa galoni lingetumia 400. Tofauti ni galoni 267. Zidisha na bei ya petroli ya mtaani kwako, kisha linganisha na malipo ya kila mwezi ya mkopo wa gari jipya pamoja na bima yake kubwa. Kwa wengi, gari kuukuu lililolipiwa taslimu bado linashinda. Nalo linatumia petroli ya kawaida ya oktani 87, kwa hiyo usipoteze pesa kwa ile ya bei ya juu.

Hesabu inageuka kwa anayepeleka chakula au abiria kutwa nzima. Ukifikisha maili 25,000 au 30,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za mjini, gari hili si lako. Tafuta dogo.

Ukaguzi kabla ya kutoa pesa

Nenda mchana, siku kavu. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kwa maana injini ya moto huficha mengi. Ukifika usianze na boneti. Anza chini.

*Chini ya gari.* Mlipe fundi akupandishie kwenye lifti. Ikishindikana, tandika turubai ulale uchungulie, ila usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chukua bisibisi uguse:

- chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma;
- chesisi nyuma ya magurudumu ya mbele;
- mabomba ya breki na ya petroli yanayopita kandokando ya chesisi;
- mahali shokapu na mikono ya nyuma inaposhikana na chesisi.

Kutu ya juu juu, nyekundu na ngumu, si tatizo. Kutu inayobanduka kwa magamba, au inayopitisha ncha ya bisibisi, ndiyo mwisho wa mazungumzo. Usishawishike na punguzo la bei, kwa kuwa kuchomelea chesisi vizuri kunaweza kuzidi thamani ya gari zima. Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi wiki chache kabla ya kuuzwa, shuku kwamba kuna kinachofichwa.

*Chini ya boneti, injini ikiwa baridi.* Tazama rangi na kiasi cha kulanti kwenye chupa yake. Mulika tochi mbele ya injini, karibu na oltaneta na mahali themostati inapokaa. Ukungu mweupe au wa kijani uliokauka maana yake kulanti imekuwa ikivuja. Fungua kifuniko cha oili: ute wa rangi ya chai ya maziwa unatosha kukuondoa hapo.

*Washa.* Sikiliza sekunde za kwanza. Mlio wa cheni unaotoweka baada ya muda mfupi unaonyesha gari la maili nyingi au lililonyimwa oili. Moshi wa bluu unaotoka mara moja na kuisha huashiria sili za valvu zilizochoka. Unaweza kuishi nao, lakini bei ishuke.

*Endesha.* Fikisha maili 40 hadi 50 kwa saa, ukikanyaga mafuta kidogo tu, kwenye barabara laini. Je, gari linatetemeka kana kwamba linapita juu ya vijituta vya barabarani? Hilo linatoka kwenye giaboksi. Kisha ingia barabara kuu usikilize mvumo wa nyuma unaopanda na mwendo. Mara nyingi ni beringi za ekseli, na ekseli zenyewe huwa zimeliwa pia.

*Makaratasi.* Angalia kama hati ya umiliki ina alama ya gari lililowahi kuandikwa na bima kuwa limeharibika kabisa. Iingize namba ya chesisi kwenye kumbukumbu za NHTSA, idara ya serikali inayosimamia usalama wa magari, uone kama kuna marekebisho ya wito wa kiwanda ambayo hayajafanywa. Hayo hufanywa bure. Kwa magari ya 2005 hadi 2011 ya majimbo yenye chumvi, uliza hasa kuhusu shafti ya usukani. Usilichukulie hilo kama suala la karatasi tu.

Nunua pia kisomeo kidogo cha misimbo ya hitilafu. Kinafanya kazi kwenye magari yote haya ya 1996 kuja juu. Muuzaji anaweza kufuta misimbo asubuhi ya kukutana nawe ili taa ya injini izimike. Kisomeo kitakuonyesha kwamba kompyuta bado haijamaliza kujipima, na hapo utajua kuna kilichofutwa.

La polisi au la mzee?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na kosa liko pande zote mbili.

La polisi lina springi ngumu, vipoza vya ziada na oltaneta kubwa. Utalitambua kwa namba ya chesisi: herufi ya tano hadi ya saba husomeka P71, au P7B kwa yale ya mwisho. Lakini limekaa saa nyingi likiunguruma bila kutembea. Ford yenyewe ilihesabu saa moja ya kuunguruma hivyo kuwa sawa na maili 33 za uchakavu wa injini. Mengi ya kuanzia 2006 yanaonyesha saa za injini kwenye dashibodi. Gawanya maili kwa saa hizo. Gari la maili 90,000 na saa 6,000 limekuwa na wastani wa maili 15 kwa saa, maana yake limesimama likiunguruma sehemu kubwa ya maisha yake.

Mambo mengine ya kuchungulia kwenye la polisi:

- Milango ya nyuma. Mengi yalitengenezwa yasifunguke kwa ndani. Kama utabeba watoto, hakikisha milango na vioo vimerudishwa katika hali ya kawaida kabla ya safari ya kwanza, si baada.
- Matundu ya paa na ya buti yaliyoachwa na antena na taa. Maji huingia humo na kuozesha sakafu.
- Nyaya zilizokatwa ovyo wakati wa kuondoa redio na ving'ora. Hizi ndizo huua betri usiku.
- Maandishi na taa za rangi. Viondolewe vyote. Kujifanya askari ni kosa la jinai, na si jambo ambalo mhamiaji angependa kulieleza mahakamani.

La mzee lina siti laini, halikukimbizwa, na mara nyingi lina kitabu cha matengenezo. Tatizo lake ni kukaa. Gari la maili 45,000 lililoegeshwa miaka lina mipira iliyokakamaa, petroli iliyochina, breki zilizoshikana na tairi zilizozeeka huku zikiwa na manyoya. Soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya umri huo itupwe hata kama inang'aa.

Kati ya mawili hayo mimi nachagua la mzee, kisha natenga fedha ya kubadilisha kila kilicho cha mpira.

Mwezi wa kwanza: rudisha gari mwanzo

Hujui mwenye gari wa kwanza alifanya nini. Chukulia hakufanya chochote. Tenga akiba kabla ya kununua, maana anayemaliza senti ya mwisho kwenye bei ya gari hubaki na gari asiloweza kulitengeneza. Utaratibu wangu ni huu:

1. Oili ya injini na filta. Mengi ya miaka ya 2000 yanatumia 5W-20, na kuanzia 2003 hivi yanachukua lita 5.7 pamoja na filta. Thibitisha kwenye kitabu cha gari.
2. Kulanti yote, hozi za juu na chini, themostati, na mkanda wa mbele. Usisahau hozi ndogo za hita zilizojificha kuelekea ukuta wa nyuma.
3. Oili ya giaboksi na filta yake.
4. Oili ya difu. Ni sintetiki 75W-140 kwa mengi ya magari haya, na lenye difu ya kubana linahitaji nyongeza yake maalumu.
5. Maji ya breki.
6. Filta ya hewa na filta ya petroli.
7. Bol jointi, tairodi, shokapu: zikaguliwe, zinazocheza zibadilishwe.

Mengine yote yanaweza kusubiri, redio mpya na rimu vikiwamo.

Magonjwa yanayojulikana

*Manifodi ya plastiki.* Hasa kwa magari ya kati ya 1996 na 2001. Manifodi ya kuingizia hewa ilitengenezwa kwa plastiki mpaka kwenye njia ya kulanti iliyo mbele, na hapo ndipo hupasuka. Kulanti huanza kutoka tone kwa tone, wakati mwingine ikiangukia oltaneta na kuiua, kisha siku moja hutoka yote. Iliyoboreshwa ina njia ya kulanti ya alumini. Kama gari unalotaka lina ile ya zamani, usisubiri ipasuke ukiwa barabara kuu na watoto nyuma. Badilisha sasa, kwa gasketi mpya.

Injini hizi zina ulinzi: zikichemka sana, kompyuta huzima silinda kwa zamu ili hewa ipoze. Ulinzi huo ni wa kukufikisha pembezoni mwa barabara tu. Mshale wa joto ukipanda, washa hita kwa nguvu zote, toka barabarani, zima. Anayesema "nimebakiza maili mbili tu" ndiye anayechoma gasketi ya silinda hedi.

*Plagi.* Vichwa vya silinda vya miaka ya mwanzo vina nyuzi chache za kushikia plagi, na plagi iliyolegea inaweza kurushwa nje ikitoka na nyuzi. Kwa hiyo:

- usifungue plagi injini ikiwa na joto, iache ipoe kabisa;
- puliza visima vya plagi kwa hewa kabla ya kufungua, mchanga usidondokee ndani;
- kaza kwa spana yenye kipimo cha nguvu, si kwa kubahatisha mkono;
- kama nyuzi zimekwisha, usikubali haraka kununua kichwa kizima. Kuna bushi za nyuzi zinazowekwa humo humo, na fundi anayezijua hufanya kazi ya kudumu.

*Injini kumisi.* Kisomeo kikionyesha P0304, tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. Silinda 1 hadi 4 ziko upande wa abiria kutoka mbele kwenda nyuma, 5 hadi 8 upande wa dereva. Ile ya 4, kona ya nyuma, hupenda kuingiwa na maji au kulanti kisimani. Kabla ya kununua koili 8 kama utakavyoshauriwa, kausha kisima, hamisha koili inayoshukiwa kwenda silinda nyingine, uone kama msimbo unaifuata. Ukiifuata, nunua koili moja.

*Giaboksi kutetemeka.* Ule mtetemo wa maili 40 hadi 50 mara nyingi ni oili iliyochoka kwenye toki kanveta. Dawa ya kwanza ni kubadilisha oili yote, pamoja na ile ya ndani ya kanveta, kwa Mercon V. Usiweke oili ya "magari yote".

Najua pingamizi: "Fundi wangu anasema ukibadilisha oili kwenye giaboksi kuukuu, inakufa." Kilichowafunza mafundi hivyo ni magari yaliyoletwa yakiwa yamekwisha kuharibika. Kama oili ni nyeusi, inanuka kuungua, na gia tayari zinateleza, oili mpya haitaokoa chochote. Kama ni ya kahawia na gia zinaingia vizuri, badilisha bila hofu, ila kwa kumwaga na kujaza. Kataa mashine ya kusukuma kwa presha.

*Taa za mbele kuzimika ghafla.* Kwenye magari ya kuanzia 2003 kuna kisanduku cha kielektroniki kinachosimamia taa, na solda yake hupasuka. Taa zikianza kuzimika na kurudi zenyewe, usiendeshe usiku hata siku moja zaidi. Wapo wanaokitengeneza kisanduku hicho kwa solda mpya, kwa gharama ndogo kuliko kununua kipya.

*Gari kulala nyuma.* Dada wa Louisville, hili ni lako. Town Car karibu zote, na baadhi ya Grand Marquis na Crown Victoria, zina mifuko ya hewa badala ya springi za nyuma. Mfuko ukitoboka au sili yake ikikauka, gari hulala usiku, na kompresa hufanya kazi kupita kiasi mpaka iungue. Njia ni mbili. Ukipenda ule mwendo laini na mara nyingi unabeba mizigo, weka mifuko mipya miwili na sili zake. Usibadilishe mmoja. Ukitaka kusahau jambo hili kwa miaka, weka seti ya springi za chuma zilizotengenezwa kwa gari lako. Kwa gari la bei ndogo, mimi ningeweka springi.

Onyo la lazima: ndani ya buti kuna swichi ya mfumo huo wa hewa. Izime kabla ya kuinua gari kwa jeki au kulivuta. Mwambie na fundi wa tairi, kwa sababu wengi hawaijui.

Baridi, chumvi na kulanti

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo rejeta huongezwa maji ya bomba, na injini hazilalamiki haraka. Minnesota haina huruma hiyo. Maji matupu huganda, hutanuka, na hupasua bloku ya injini. Tumia kulanti nusu na maji yaliyosafishwa nusu. Mchanganyiko huo hustahimili mpaka karibu nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri. Usichanganye aina: fuata iliyotajwa kwenye kitabu, au mwaga yote uanze upya.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma huteleza upesi kwenye theluji. Kama hujawahi kuendesha kwenye theluji:

- weka tairi za theluji nne, si mbili;
- weka mifuko ya mchanga mbele ya buti, karibu na siti, na uifunge isisogee;
- tafuta uwanja mtupu ujifunze gari linavyoteleza kabla halijakuteleza barabarani;
- ondoka mapema, kanyaga taratibu.

Chumvi inayomwagwa barabarani ndiyo inayokula chesisi. Osha chini ya gari kila hali ya hewa inapopanda juu ya kuganda, na mwisho wa msimu osha kwa makini kuliko yote. Ni kazi ya dakika chache, nayo inaongeza miaka kuliko oili yoyote ya bei ghali.

Spea na fundi

"Kiwanda kimefungwa, spea zitapatikana wapi?" Zipo tele. Idara za polisi na kampuni za teksi za Marekani nzima ziliyatumia magari haya kwa miongo, pamoja na teksi za njano za New York. Injini ya familia hiyohiyo ilikuwamo kwenye Mustang, F-150 na Explorer. Vinavyoanza kuadimika ni vitu vya ndani na vya nje vya Town Car na Mercury: taa, mapambo, vitambaa. Ukiviona kwenye uwanja wa magari yanayovunjwa, vichukue.

- Kwa koili, plagi, themostati na vihisi, nunua Motorcraft, chapa ya Ford yenyewe, au za watengenezaji wanaojulikana. Koili feki za seti nzima kwa bei ya moja zitakurudisha gereji.
- Kwa milango, vioo, siti na swichi, uwanja wa magari yanayovunjwa unatosha.
- Rimu za kabla ya 2003 hazikai sawasawa kwenye magari ya 2003 kuja juu, wala kinyume chake, ingawa boliti zinalingana. Usinunue kwa kuangalia matundu tu.
- Mwulize fundi: "Umewahi kutengeneza gari za V8 ya 4.6?" Aliyewahi kuhudumia teksi au pikapu za Ford atakujibu bila kusita. Mwombe akuonyeshe spea ya zamani kabla ya kuitupa.

Andika kila kitu kwenye daftari moja: tarehe, maili, kilichobadilishwa, bei. Daftari hilo ndilo litakalokuambia kama gari linakugharimu au linakuhudumia, nalo litakuongezea bei siku ya kuuza.

"Naweza kulipeleka nyumbani?"

Kenya, hapana. Haisajili magari yaliyozidi miaka 8 wala ya usukani wa kushoto, isipokuwa yale ya kazi maalumu. Uganda imezuia kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi tangu sheria ya 2018. Kokote kwingine, pata jibu la maandishi kutoka forodha kabla ya kulipa meli.

Wasomaji wa Muscat na Dubai wako katika hali nyingine. Crown Victoria na Grand Marquis ziliuzwa kwenu zikiwa mpya, usukani ni wa upande wenu, na kutu si adui mkubwa isipokuwa karibu na bahari. Adui wenu ni joto: hozi, plastiki za mfumo wa kupoza, betri na tairi huzeeka upesi. Fupisheni muda wa kubadilisha kulanti, na msiwashe AC kwa nguvu zote kwenye foleni kama feni ya rejeta haijakaguliwa.

Lini useme basi

Gari la namna hii huwa na mtego wake: kwa kuwa kila spea ni rahisi, mtu huendelea kutengeneza mpaka amelipia magari mawili. Acha kutengeneza ukiona mojawapo ya haya:

- chesisi imetoboka mahali inaposhikana na mikono ya nyuma au usukani;
- giaboksi imekufa na chini tayari kuna kutu;
- mabomba ya breki na ya petroli yote yanahitaji kubadilishwa, na bado kuna kingine kikubwa.

Giaboksi peke yake, kwenye gari safi chini, inafaa kutengenezwa. Manifodi peke yake inafaa. Springi zinafaa. Kutu pamoja na kingine chochote kikubwa, usiongeze senti.

Ukifika hapo, usimtupie mwingine gari bovu bila kumwambia. Mwandikie kwenye karatasi ya mauzo kinachosumbua, kisha toa namba zako za usajili kama jimbo lako linavyotaka, peleka taarifa ya mauzo kwenye ofisi ya magari siku hiyohiyo, na ufute bima baada ya kupata uthibitisho. Toa kwanza betri kama ni mpya, na tairi za theluji kama bado zina manyoya. Gari litakalofuata huenda likazihitaji.